Ule ujana wa wazee wetu: tulichokuta Jinja na Mbale

Mwezi uliopita swali moja lilileta maneno mengi kwenye kikundi: mbona bibi zetu kule Kivu walikuwa na miaka sabini na bado wanapanda mlima na mzigo wa kuni mgongoni, halafu sisi na miaka ishirini na tano tunapanda kilima cha bomba la maji tunahema? Mmoja wenu aliandika ni hewa ya kule. Mwingine akasema ni maombi. Mwingine akasema ni kwa sababu bibi hawakuwa na simu, na hapo tulicheka wote.

Lakini swali halikuwa la kucheka. Mnajua lilitoka wapi. Lilitoka kwa mama wetu wa jikoni, yule anayetupikia siku za mikutano tangu kikundi kilipoanza. Mwezi wa tatu alianguka asubuhi akiwa anawasha moto. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, na mdomo ukaenda upande. Ana miaka 46. Hospitalini walisema presha ilikuwa juu sana, na bila shaka ilikuwa juu siku nyingi. Kumbe vidonge alikuwa amepewa zamani, akaviacha, kwa sababu mtu alimuuzia unga wa mizizi kwenye kichupa akamwambia ni dawa ya asili, inasafisha damu na inarudisha ujana. Elfu kumi na tano kwa kichupa, na sisi tulijua, tukanyamaza, kwa sababu hata sisi tulikuwa tunaamini nusu.

Kwa hiyo tulipoenda kutembelea ndugu zetu walioko Jinja na Mbale, swali tulilibeba ndani ya basi. Tulikuwa wanne. Haya tunayoandika ni yale tuliyosikia kule, na yale tuliyotafuta kusoma baadaye, maana mtu akikuambia historia vizuri huwezi kulala bila kuifuatilia.

Njia yenyewe tu ni somo. Ukitoka Kampala kwenda Jinja unafika Namawojjolo, na kabla basi halijasimama vizuri mikono imeingia dirishani: kuku wa kuchoma, gonja, maji na soda. Sisi tulinunua soda nne na gonja moja. Mtaona baadaye kwa nini tunalitaja hilo. Halafu Lugazi, miwa. Halafu msitu wa Mabira. Unavuka Nile, unaingia Jinja, na ukitoka Jinja kwenda upande wa Iganga, miwa tena kushoto na kulia mpaka macho yanachoka. Hiyo ni Kakira.

Jinja tulifikia kwa ndugu yetu anayefanya kazi ya kushona. Jirani yake ni mzee mmoja Msoga aliyekuwa muuguzi zamani. Tulimwita jaja kama wenyeji wanavyowaita wazee. Tulimwuliza lile swali la bibi zetu. Akacheka, akasema, hilo swali liliulizwa hapahapa kabla hamjazaliwa, na mzungu mwenye jicho moja.

Mzungu huyo ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland. Jicho moja alilipoteza akiwa mtoto. Alikuja Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, baadaye akawa Mulago. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini aangalie mtoto aliyevimba taya pande zote. Hawakuelewa ni nini. Wiki chache baadaye Burkitt alikuwa kwenye hospitali ya Jinja, akatupa macho dirishani, akaona mtoto amekaa na mama yake kwenye majani, na taya zimevimba vilevile kama za yule wa Mulago. Mtoto mmoja ni ajabu. Wawili ni swali. Akaanza kupekua mafaili na kuuliza hospitali nyingine. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari wiki kumi, karibu kilomita 16,000 mpaka Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kitu kimoja tu: ninyi mnauona huu ugonjwa? Saratani hiyo leo inaitwa kwa jina lake.

Jaja alituambia tusikilize vizuri hapo, na sisi tunawaambia hivyohivyo. Kitu kikubwa ni namna ya kuuliza. Burkitt alijifunza kwamba ugonjwa una ramani: uko hapa na pale haupo, kwa nini? Aliporudi Uingereza katika miaka ya 1960 alikutana na mawazo ya Cleave, daktari wa jeshi la majini, aliyesema sukari nyeupe na unga mweupe ndivyo vinavyoleta magonjwa mengi ya nchi tajiri. Burkitt akakumbuka wodi za Mulago. Miaka karibu ishirini ya kupasua watu, na magonjwa ambayo kule London yalijaza vitanda, kama kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, mawe ya nyongo, yeye kule Uganda aliyaona kwa nadra sana. Ramani tena.

Sasa mjiandae, kwa sababu alichofanya baadaye ni kupima choo. Ndiyo, choo kikubwa. Yeye na wenzake walilinganisha watu wa vijijini Uganda na vijana wa jeshi la majini la Uingereza, wakachapa majibu mwaka 1972. Mwanakijiji wa Uganda alitoa karibu gramu 470 kwa siku. Yule kijana wa Uingereza, karibu gramu 100. Chakula cha mwanakijiji kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi, na cha yule mwingine zaidi ya siku tatu. Tulipomsikia jaja anaeleza hayo kwa sauti, na watu wanapita barabarani, dada yetu mmoja alifunika uso kwa kitenge. Lakini fikirini: viazi vitamu, maharagi, matoke, ulezi, mboga za majani, vitu vilivyotufanya tuone aibu shuleni kwamba ni chakula cha maskini, vilipimwa kwa gramu vikawa somo la dunia nzima. Zile nyuzinyuzi ambazo leo pakiti za dukani zinajisifia nazo, sehemu kubwa ya hadithi yake ilianzia Uganda.

Na upande wa presha, ambao sisi ndio ulituuma, habari ziko hata za zamani zaidi. Mwaka 1929 daktari Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo, magharibi mwa Kenya, si mbali na mpaka huu, alichapa kwamba alipima presha ya watu elfu moja. Ulaya walizoea kwamba mtu akizeeka presha inapanda, kama mvi. Donnison hakukuta hivyo. Kwa wale watu presha ya wazee haikuwa juu kuliko ya vijana. Basi kumbe ujana wa mishipa si hadithi ya bibi tu, uliwahi kupimwa kwa mashine.

Lakini habari iliyotunyamazisha kabisa ni ya mwaka 1990. Watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi. Watu walewale, damu ileile. Ndani ya miezi michache tu ya kuhama, presha yao ilikuwa imepanda kuliko ya wale waliobaki nyumbani. Chumvi iliongezeka, matunda na mboga zikapungua, uzito ukaongezeka, hata moyo ulikuwa unapiga haraka. Miezi michache tu! Sisi tumehama mara ngapi? Kutoka kijijini kwenda Goma au Bukavu, kutoka pale kuvuka mpaka, kituo cha mapokezi, kambi, wengine mjini tena. Hakuna aliyetuambia kwamba mwili nao unahama, na unaandika kila kitu.

Turudi kwenye miwa, maana tuliiacha barabarani. Kiwanda cha Lugazi kilianzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, na kile cha Kakira na Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Kabla ya hapo utamu wa Busoga ulikuwa ndizi mbivu, asali, na muwa wenyewe wa kutafuna kwa meno, na kutafuna muwa ni kazi, huwezi kumaliza mitano. Kiwanda kinakutafunia. Kinatoa maji na nyuzi zote, kinakuachia unga mweupe, na unga huo unaweza kuutia vijiko sita kwenye kikombe kimoja bila jasho. Hatusemi kiwanda ni kibaya, maelfu ya watu wanakula kwa sababu yake na mmoja wa ndugu zetu amefanya kibarua cha kukata miwa. Tunasema tu kilichotokea.

Jaja aliongeza jambo ambalo hatukulitegemea. Mwaka 1972 Idi Amin alifukuza Wahindi, na viwanda vikaanguka. Sukari ikawa ya foleni na ya magendo. Mtu mwenye kilo moja alikuwa mtu mkubwa. Familia nyingi zikanywa chai kavu miaka na miaka. Halafu miaka ya 1980 sukari ikaanza kurudi, na watu, alisema jaja, waliishika kwa mikono miwili. Kumpa mgeni chai yenye sukari kidogo ikawa kama tusi. Hapo tulimkumbuka mama wetu. Yeye alilala porini wiki nyingi kabla ya kuvuka mpaka, na siku ya kwanza ya amani hapa alikunywa chai tamu. Tangu siku hiyo chai kwake ni vijiko sita. Ungemwambia nini? Ile sukari kwake ilikuwa na maana kwamba vita imeisha.

Lakini hapa lazima tuwe wakweli, maana tunawajua, mtasoma nusu muanze kusambaza kwamba mababu waliishi miaka mia kwa sababu ya matoke. Hapana. Trowell, yule aliyemwita Burkitt wodini, alitumia miaka mingi ya kazi yake Uganda kwa ugonjwa mwingine: kwashiorkor. Watoto wenye tumbo na miguu ya kuvimba, nywele zimegeuka rangi, wanakufa. Mwaka 1954 yeye na wenzake waliuandikia kitabu kizima. Na watoto hao walikuwa wanakula nini? Matoke. Mihogo. Viazi. Vyakula vilevile vyenye nyuzinyuzi za kusifiwa, lakini peke yake, bila maharagi, bila karanga, bila samaki, mtoto akishaachishwa ziwa. Wale bibi wenye nguvu tunaowakumbuka ni wale waliopita. Ndugu zao wadogo wengi wamelala chini ya migomba na hakuna anayewataja kwenye hadithi. Hata hesabu za Burkitt kuna wasomi waliozipinga baadaye, wakasema alizipa nyuzinyuzi sifa nyingi mno, kwamba kutembea, kazi ya shamba, na kutovuta sigara navyo vina sehemu yao. Sisi tunaona wana haki. Bibi wa kuni mgongoni alikula lengalenga, ndiyo, lakini pia alibeba kuni.

Uganda yenyewe ilijibu. Mwaka 1965 Mulago walifungua kituo cha lishe wakakiita Mwanamugimu, kutokana na methali ya Kiganda kwamba afya ya mtoto inatoka kwa aliyembeba. Hawakuleta maziwa ya kopo. Walifundisha kina mama kitobero: chukua chakula cha kushibisha, changanya na maharagi au karanga au mukene wa kusagwa, weka na mboga, pika pamoja. Ni mchanganyiko ndio uliookoa watoto. Mukene, kwa wale wageni, ni ndagala wetu wadogo, wa ziwa hili badala ya Tanganyika. Ni chakula ambacho watu wa hapa wengine wanalisha kuku, na vijana wetu wanakidharau, wakati ukimla na mifupa yake yote unapata nguvu ya mifupa kwa bei ya sabuni.

Baada ya siku tatu tulipanda gari la Mbale kwa njia ya Tirinyi, mpunga pande zote. Mbale iko chini ya mlima Wanale, na nyuma yake Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba. Mji wenyewe ulianzishwa na Semei Kakungulu, jenerali wa Kiganda, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na kwa sababu ya kile kichupa cha elfu kumi na tano tunataka kumsimulia kidogo. Kakungulu alipokosana na serikali ya Waingereza alijiunga na dini ya Malaki, iliyoanza mwaka 1914 na kupata maelfu ya watu. Walikataa dawa zote za hospitali, hata chanjo. Kwao kumwamini daktari kulikuwa kukosa imani. Baadaye, mwaka 1919, yeye na watu wake wakashika dini ya Kiyahudi, na wajukuu wao bado wako pale karibu na Mbale. Kakungulu alikufa mwaka 1928. Tunamheshimu kwa mengi, barabara na miti aliyopanda. Lakini kukataa chanjo wakati ndui na tauni zinazunguka, hapo hatukubaliani naye. Watu wake walikuwa na sababu, serikali ya mkoloni iliwafanyia mengi wakaacha kuamini chochote chenye mkono wake. Hata sisi tunaijua hiyo hali. Ukishadanganywa mara nyingi na watu wenye mafaili, mtu wa kichupa anaonekana ndugu.

Sokoni Mbale ndipo tulikutana na malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, yamekaushwa kwa moshi mpaka yanakuwa kama vijiti vya kahawia, yamefungwa mafungu. Bibi mmoja wa Kigisu alituelekeza: unaloweka usiku, unachemsha, unakata vipande, halafu unapika na karanga zilizosagwa. Alisema mwanzi mbichi si wa kula hovyo, lazima moto. Tulimwambia hata kwetu sombe ni hivyo, bila kutwanga na kuchemsha sana inaweza kukudhuru. Akafurahi, akatuongezea fungu. Malewa yenyewe haina nguvu nyingi, karanga ndizo zinabeba, lakini pamoja ni chakula cha maana, na hakina unga mweupe hata kidogo. Alituuliza tunakula nini huko kambini. Tukasema posho. Na nini? Maharagi, zikiwepo. Akatikisa kichwa.

Ni kweli, na hapa hatutaki kuwadanganya. Tangu mwaka 2020 mgao umekuwa ukipunguzwa, na wengine wetu hawapati kitu tena. Kumwambia mtu wa namna hiyo ale matunda kila siku ni matusi. Kwa hiyo tulipokaa kwenye basi la kurudi tulihesabu tu yale ambayo hayaongezi bei. Mahindi yako ukipeleka mashineni, mwambie asikoboe. Dona inashibisha kuliko namba wani na unarudi na unga mwingi zaidi kwa mahindi yaleyale. Dodo, ambayo ni lengalenga yetu, inaota yenyewe nyuma ya choo cha jirani na ndani ya gunia la udongo. Majani ya maharagi, ya maboga, ya viazi, bibi zetu walikula yote. Mukene kijiko kimoja kwenye mboga. Soda ya elfu moja mia tano, hiyo ndiyo gonja tatu, na sisi pale Namawojjolo tulichagua vibaya. Chumvi na vile vipakiti vya kukolezea supu, punguza pole pole, ulimi unazoea. Na presha ipimwe, hata kwa kijana, maana haiumi mpaka siku inaangusha.

Mwaka 2015 wanasayansi walifanya jaribio moja zuri: Wamarekani weusi ishirini walikula chakula cha kijiji cha Afrika Kusini, na watu ishirini wa kijijini kule wakala cha Kimarekani. Wiki mbili tu. Ndani ya utumbo mambo yalibadilika kwa pande zote mbili, kwa hawa kuelekea uzuri na kwa wale kuelekea ubaya. Tulilisoma hilo kwenye simu ya dada yetu, gari likiwa limesimama Mbarara, na tukalipenda kuliko mengine yote, kwa sababu maana yake mwili unaohama haraka unaweza pia kurudi.

Malewa tulifika nayo salama. Jumapili tulipika kwa mama wetu, na karanga, na dona pembeni. Watoto wa jirani walionja, mmoja akasema ni kama kutafuna mswaki. Mama alikula kwa mkono wa kushoto, taratibu, na vidonge vyake viko kwenye sahani ndogo pembeni. Alimaliza nusu, akatuangalia.

"Wanangu, hii haina chumvi."

Tukamweleza tena mambo ya chumvi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sawa. Basi mniletee ndimu."